Kuzirekebisha Spika za Nyumbani kwa Uchakataji wa Kidijitali: Mwongozo kwa Sebule za Mombasa

Sebule nyingi za Mombasa zina sakafu ya vigae, kuta za mawe zilizopigwa plasta, dari ya zege na madirisha mapana ya kupitisha upepo. Chumba cha namna hiyo kinafaa kwa joto la pwani, lakini ni kigumu kwa muziki, kwa sababu kila upande unairudisha sauti badala ya kuimeza. Ndiyo maana mtu anaweza kununua spika za bei kubwa, akazifungua nyumbani kwa hamu, kisha akasikia besi inayonguruma katika noti moja na kupotea katika noti inayofuata. Spika haina ubovu wowote. Anachokisikia ni spika pamoja na chumba, na uchakataji wa kidijitali, yaani kuibadilisha sauti kwa hesabu za kompyuta kabla haijatoka, unaweza kuvishughulikia vyote viwili, mradi kila kimoja kishughulikiwe katika masafa yake, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi.

Msimamo wangu ni huu, na hatua zote zinazofuata zinautegemea: katika masafa ya chini rekebisha kile kinachofanywa na chumba, katika masafa ya juu rekebisha spika yenyewe, na huko juu kazi ya chumba uwaachie zulia na mapazia. Watu wengi huufuta mpaka huo, wakaiachia programu inyooshe kila kitu kutoka hezi 20 hadi hezi 20,000, halafu wakalalamika kwamba sauti imekufa.

Kinachofanyika ndani ya spika

Kabla ya kugusa chumba, inafaa kujua kichakataji kinafanya nini ndani ya spika za kisasa za daraja la juu, kwa kuwa huko ndiko kinakoleta faida kubwa kuliko zote. Katika spika ya kawaida, sauti hugawanywa kati ya woofa, inayotoa sauti za chini, na twita, inayotoa za juu, kwa koili na kapasita zilizofungwa ndani ya boksi, baada ya amplifaya. Vipande hivyo hula nguvu, na tabia yake hubadilika kadiri koili ya woofa inavyopata moto. Katika spika yenye kichakataji, mgawanyo hufanywa kwa hesabu kabla ya amplifaya, na kila woofa na kila twita hupewa amplifaya yake. Mgawanyo unaotumika sana ni ule wa Linkwitz-Riley, uliopewa majina ya wahandisi Siegfried Linkwitz na Russ Riley na kuchapishwa mwaka 1976, ambao hushuka kwa desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila okteva, yaani kila masafa yanapoongezeka mara mbili au kupungua nusu. Kuujenga kwa koili na kapasita kwa usahihi ni kazi ngumu. Kuuandika kwa namba ni kazi nyepesi.

Faida ya pili ni wakati. Twita hukaa juu ya ubao wa mbele, ilhali sauti ya woofa huanzia ndani zaidi, kwenye kina cha koni. Tuseme tofauti ni sentimita 2. Katika hezi 2,500, ambako wimbi moja lina urefu wa takriban sentimita 14, tofauti hiyo ni karibu sehemu ya saba ya wimbi zima, na inatosha kuzifanya sauti mbili zipingane pale zinapokutana. Kichakataji huichelewesha twita kwa takriban milisekunde 0.06, na mawimbi yakafika pamoja.

Faida ya tatu ni besi inayotoka katika boksi dogo. Ukitaka sauti ileile kwa nusu ya masafa, koni ya woofa inapaswa kusogea mara nne zaidi, na hapo ndipo spika ndogo huumia. Kichakataji huongeza besi sauti inapokuwa ya chini, kisha huipunguza taratibu unapoongeza sauti, hivyo koni haivuki kikomo chake. Baadhi ya spika huenda mbali zaidi: Kii Three, kwa mfano, hutumia woofa za pembeni na za nyuma kuifuta besi inayokwenda nyuma ya boksi ili ielekee kwa msikilizaji, na BeoLab 90 ya Bang & Olufsen, iliyotoka mwaka 2015, ina spika 18 ndani yake na inaweza kubadilishwa upana wa sauti yake kwa amri ya programu.

Lakini kuna jambo ambalo namba hazilifikii. Utafiti wa Floyd Toole na Sean Olive, walioanzia kazi hiyo katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na kuiendeleza katika kampuni ya Harman, ulionyesha kwamba wasikilizaji wasiojua wanasikiliza spika gani huipendelea ile yenye sauti iliyonyooka mbele, yaani isiyokuza wala kupunguza masafa yoyote, na inayobadilika kwa ulaini kadiri unavyosogea pembeni. Sauti ya mbele hurekebishika. Katika spika nyingi, sauti ya pembeni hufuata umbo la boksi, ukubwa wa koni na mahali pa mgawanyo, na ukiigusa kwa kichujio, yaani hesabu inayopunguza au kuongeza masafa fulani, utaharibu ile ya mbele. Basi unaponunua, tafuta vipimo vya pembeni kabla ya kuulizia kichakataji.

Hatua ya kwanza: jua mpaka wa chumba chako

Mwanafizikia Mjerumani Manfred Schroeder alitoa hesabu inayoonyesha ni masafa gani yanatawaliwa na vipimo vya chumba. Chukua muda wa mwangwi, yaani muda ambao sauti huchukua kufifia chumbani, kwa sekunde, ugawe kwa ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2000.

Tuchukue chumba kimoja cha Mji wa Kale kama mfano. Nyumba za zamani za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti zina urefu wa kiasi, vyumba hutoka virefu na vyembamba. Tuseme chumba kina urefu wa mita 7, upana wa mita 2.7, na kimo cha mita 3.5, na mwangwi wake ni sekunde 0.9. Ujazo ni takriban mita za ujazo 66, na mpaka unaangukia karibu na hezi 234. Chini ya hapo chumba ndicho bwana. Juu ya hapo spika ndiyo inayosema.

Sasa tafuta mivumo yenyewe, yaani masafa ambayo chumba huyavumisha kuliko mengine. Gawa kasi ya sauti kwa mara mbili ya kila kipimo. Katika joto la nyuzi 28, kasi ya sauti ni karibu mita 348 kwa sekunde, si 343 inayotajwa vitabuni kwa nyuzi 20. Tofauti ni ndogo, ila kwa kuwa programu nyingi hukuruhusu kuandika joto la chumba, andika la kweli. Upana wa mita 2.7 unatoa mvumo wa hezi 64. Urefu wa mita 7 unatoa hezi 25, na mvumo wake wa pili ni hezi 50. Kimo cha mita 3.5 nacho kinatoa hezi 50. Tazama jinsi urefu na kimo vinavyokutana mahali pamoja, kwa sababu kimoja ni mara mbili ya kingine: katika chumba hiki utapata mwinuko karibu na hezi 50, hata ukibadilisha spika.

Ule wa hezi 64 ndio unaousikia waziwazi kwenye taarabu. Gitaa la besi likigusa noti ya C iliyo karibu na hezi 65, chumba kizima kinavimba, na noti ya D inayofuata, karibu na hezi 73, inasikika imenyauka. Mpiga besi amezipiga noti zote mbili kwa nguvu moja.

Hatua ya pili: panga kabla ya kupima

Katika vyumba vyembamba, desturi ni kuegemeza makochi kwenye ukuta mrefu mmoja na kuweka spika kwenye ukuta mrefu unaotazamana nao. Kwa sauti, mpangilio huo ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa spika iko pale inapouchochea mvumo wa upana kwa nguvu yote, na msikilizaji ameegemea pale unaposikika zaidi. Hamishia spika kwenye upande mfupi, zote mbili zikiwa mbali sawa kutoka kuta za pembeni, na kiti kiwe katikati ya upana. Hapo mvumo wa hezi 64 hudhoofika sana, bila waya wala programu. Kiti kisiwe katikati kabisa ya urefu wala kisigusane na ukuta wa nyuma. Katika chumba chetu cha mfano, kukaa robo ya urefu, yaani mita 1.75 kutoka ukuta wa nyuma, kunaukwepa ule mvumo wa pili wa urefu.

Angalia pia umbali wa spika kutoka ukuta ulio nyuma yake. Sauti ya besi huenda nyuma, ikagonga ukuta na kurudi, na ikiwa safari hiyo ni nusu ya wimbi, inaifuta sauti ya mbele. Kwa umbali wa mita 1, bonde hutokea karibu na hezi 87. Kwa sentimita 30, hupanda hadi karibu na hezi 290. Ukiweza, isogeze spika karibu kabisa na ukuta na kupunguza besi inayozidi kwa kichujio, kwa sababu besi iliyozidi inapunguzika, ilhali iliyofutwa hairudi.

Tandika zulia nene kati ya spika na kiti. Mkeka ni mwembamba mno kwa kazi hii. Mapazia mazito yenye mikunjo, rafu ya vitabu na makochi ya kitambaa hupunguza ukali wa sauti za juu, ambazo haifai kabisa kuzitibu kwa programu ilhali tatizo liko sakafuni.

Hatua ya tatu: vifaa

Unahitaji maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la usahihishaji, kama UMIK-1 ya kampuni ya miniDSP, inayochomekwa kwenye USB na ambayo faili lake hupakuliwa kwa namba iliyoandikwa kwenye mwili wake. Unahitaji programu ya kupimia. Room EQ Wizard ya John Mulcahy hupatikana bure na inatosha kabisa. Mwisho unahitaji mahali pa kuweka vichujio. Ikiwa muziki wako wote unatoka kwenye kompyuta ya Windows, programu ya Equalizer APO haina gharama. Ukiwa na televisheni, simu na santuri kwa pamoja, kisanduku cha kuchakata sauti kama miniDSP 2x4 HD, chenye njia mbili za kuingilia na nne za kutokea, kinafaa zaidi. Baadhi ya amplifaya huja na Dirac Live au Audyssey, programu zinazopima na kurekebisha sauti zenyewe, ndani yake; hizo hufanya kazi nzuri, ila utafute mahali pa kuizuia isivuke masafa unayotaka.

Hatua ya nne: kupima

Pima usiku, tuktuk zikishapungua barabarani. Zima pangaboi na kiyoyozi, kwa kuwa mapanga yanayozunguka huichezesha sauti inayorudi kutoka darini na kuyatia ukungu matokeo. Madirisha yaache kama yanavyokuwa unaposikiliza muziki; ikiwa siku zote husikiliza yakiwa wazi, pima yakiwa wazi, kwani dirisha kubwa lililofunguliwa huitoa nje sehemu ya besi.

Weka maikrofoni kwenye kishikio mahali ambapo kichwa huwa, si mkononi na si juu ya mto wa kochi. Ukiielekeza darini, tumia faili la nyuzi 90. Ukiielekeza kati ya spika mbili, tumia faili la nyuzi sifuri. Rekebisha sauti hadi kiwango kiwe karibu desibeli 75, kisha programu ipige mlio unaopanda kutoka chini hadi juu. Pima spika ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake, halafu zote pamoja. Rudia ukiwa umesogeza maikrofoni sentimita 20 hadi 30 kulia, kushoto, mbele na nyuma, kisha uiambie programu itoe wastani. Sehemu moja tu ya kupimia hudanganya: utatibu tatizo la ncha moja ya kochi na kumwongezea tatizo anayeketi karibu yako.

Wakati mlio ukipita kati ya hezi 30 na hezi 100, tega sikio chumbani. Vioo vya madirisha, mlango wa kabati na fremu za picha ukutani hutetemeka kwa sauti yao wenyewe. Vibanie kwa vipande vya mpira sasa hivi, maana hakuna kichujio kinachonyamazisha kioo kilicholegea.

Hatua ya tano: kuweka vichujio

Hapa ndipo subira inapolipa. Tazama mchoro kuanzia hezi 20 hadi mpaka uliouhesabu, na utafute miinuko mirefu na myembamba. Kila mwinuko upe kichujio kimoja chenye namba tatu: masafa yake, desibeli za kupunguza, na Q, ambayo ni kipimo cha upana. Q ikiwa kubwa, kichujio ni chembamba. Kwa mwinuko wa hezi 50 uliopanda desibeli 9 juu ya majirani zake, anza na kupunguza desibeli 7 kwa Q ya 5, pima tena, na usogeze namba mpaka umbo la kichujio lilingane na umbo la mwinuko. Ulinganifu huo una zawadi isiyoonekana kwenye mstari wa mchoro: mvumo wa chumba ukipunguzwa kwa kichujio kinachofanana nao, muda wake wa kuvuma nao hufupika, na besi ikaanza kusimama pale mpigaji aliposimama.

Mabonde yaache. Bonde jembamba lenye kina ni mahali ambapo mawimbi mawili yanafutana. Ukiongeza sauti, yote mawili yanaongezeka, na bonde linabaki palepale. Gharama yake lakini inalipwa: kuongeza desibeli 3 ni kumtaka amplifaya nguvu mara mbili, desibeli 6 ni mara nne, na desibeli 10 ni mara kumi. Bonde pana la desibeli 2 au 3 linaweza kuinuliwa kidogo, na ukifanya hivyo punguza kiwango cha jumla cha kidijitali kwa desibeli hizohizo, la sivyo vilele vya muziki vitakatwa na kusikika kama mkwaruzo.

Vichujio vitano au sita kwa kila upande kwa kawaida vinatosha. Nikiona orodha ya vichujio ishirini, huwa nashuku kwamba mtu ameurekebisha mchoro badala ya sauti.

Hatua ya sita: sabufa, ikiwa unayo

Zipe spika kazi ya kuanzia hezi 80 kwenda juu na sabufa, ile spika ya besi pekee, kazi ya chini yake, kwa mgawanyo wa Linkwitz-Riley wa desibeli 24. Ugumu uko katika wakati. Sauti hutumia takriban milisekunde 2.9 kwa kila mita, na sabufa nyingi zenye vifaa vya kidijitali ndani yake huchelewa zaidi ya umbali wake, hivyo mara nyingi ni spika kubwa zinazopaswa kucheleweshwa ili kuisubiri sabufa. Njia ya uhakika ni hii: geuza ncha za sabufa, yaani chanya iwe hasi na hasi iwe chanya, kisha upime huku ukibadilisha ucheleweshaji kidogokidogo mpaka upate bonde lenye kina kikubwa kuliko yote kwenye hezi 80. Bonde hilo ni ushahidi kwamba mawimbi yanapingana kikamilifu. Rudisha ncha zilivyokuwa, na sasa yanasaidiana kikamilifu. Kwa wanaoishi kuta zikiwa zimeshikana, besi iliyopangwa vizuri ina heri nyingine: ule mngurumo unaopenya hadi kwa jirani aghalabu ni huohuo mwinuko mmoja ulioukata.

Hatua ya saba: masafa ya juu

Juu ya mpaka, usiutumie mchoro uliopimwa kitini kunyoosha sauti. Mchoro huo unachanganya sauti ya moja kwa moja na marudio ya kuta, ambayo sikio huyatenganisha lakini maikrofoni haiwezi. Spika nzuri ikipimwa kitini hushuka polepole kutoka besi hadi sauti za juu kabisa, na huo ndio mwendo wake sahihi. Ukiulazimisha uwe mstari ulionyooka, udi utasikika kama waya na fidla itachoma masikio. Ikiwa spika yenyewe ina kasoro inayojulikana, pima kwa ukaribu wa mita 1 na uiambie programu isome milisekunde chache za mwanzo tu, kabla marudio hayajafika. Kisha rekebisha kwa vichujio vipana, vya desibeli 1 au 2. Hicho ni kiasi kikubwa masikioni kuliko kinavyoonekana kwenye skrini.

Kwa wanaotazama filamu, kuna tahadhari kuhusu vichujio virefu vya FIR, aina ya vichujio vya kidijitali vinavyohifadhi mpangilio wa wakati wa mawimbi. Kichujio kilicholingana pande zote, chenye hatua 8,192 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa milisekunde 85, na midomo ya waigizaji itaonekana ikitangulia maneno. Kwa muziki haina shida. Kwa televisheni, tumia vichujio vya kawaida au uicheleweshe picha.

Umeme na hewa ya bahari

Spika yenye kichakataji ni kompyuta, na haipendi umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ichomeke kwenye kifaa cha kulinda umeme kinachosubiri kidogo kabla ya kuuruhusu tena. Hewa ya bahari hushambulia plagi na ncha za waya. Zichomoe mara moja moja, uzifute kwa kitambaa kikavu na kuzirudisha, kwani ncha yenye kutu huleta mkwaruzo ambao watu huutafuta bure ndani ya programu.

Hifadhi faili la vichujio mahali pawili, pamoja na picha ya sebule inayoonyesha spika na kochi vilipo, na umbali wake umeandikwa. Kochi likisogezwa nusu mita siku ya kupokea wageni, lirudishe kwenye alama yake, au ulichukue hilo kuwa sebule mpya na kuanza tena hatua ya nne.